Magari Mawili Yaliyofika Pamoja

Ipo siku moja haijanitoka rohoni, mwanangu, na swali lako ndilo limeiamsha leo. Umekuja na shikamoo yako nzuri, ukaniuliza kati ya gari la Khamis na la Othman ununue lililo kama lipi. Umeona wanangu wana magari ya umeme, ukadhani mama yao ni fundi. Haya, kaa, chai ipo. Nitakujibu, lakini jibu langu ni refu kidogo na si la furaha.

Khamis, mkubwa, anachukua wageni. Gari lake lina nguvu na linajaa upesi. Ukilifikisha kwenye chaja kubwa, hujamaliza chai yako limeshashiba. Ila linakula umeme vibaya, likienda Nungwi na kurudi limechoka. La Othman ni dogo, halina mbwembwe, na linakula kidogo mno. Kwa chaji moja linazunguka Nungwi, linakwenda Jambiani, na mjini linarudi. Lakini kulijaza ni kazi ya kutwa, hata ulipeleke kwenye chaja gani. Maneno haya niliyasikia kila walipokuja kula kwangu. Huyu akisema langu linajaa, yule anasema langu linafika. Wake zao walishachoka nao, mimi nikicheka tu.

Jumapili moja wakaamua kumaliza ubishi. Walitoka magari yamejaa, wakazunguka kisiwa kutwa, wakiulizana asilimia njia nzima. Magharibi walirudi kwangu hapa Vuga mjini, betri zote mbili zimekwisha, zimebaki za kujikongoja. Hawakuyachaji. Walitaka asubuhi yake waanze pamoja, waone lipi litajaa mwanzo.

Asubuhi hiyo, tukiwa kwenye chai, ikaingia simu kutoka Jambiani. Dada yangu Mwanaidi, aliyenilea baada ya mama yetu kufa, amefariki. Alikuwa mgonjwa, na wiki ile ile nilipanga kwenda kumwona. Maziko baada ya Adhuhuri. Mambo yetu unayajua, mwanangu: sisi wanawake makaburini hatuendi. Maiti tunamuaga nyumbani, anafunuliwa uso, kisha jeneza linatoka kwenda msikitini, na likishatoka limetoka. Sikutaka kitu kingine duniani siku ile isipokuwa kuuona ule uso.

Nikawaambia wanitafutie teksi. Zilikuwepo pale barabarani, za mafuta, tayari kuondoka. Khamis akanitazama kama niliyemtukana.

"Mama, una watoto wawili wana magari, leo upande teksi? Watu wa Jambiani watasemaje?"

Na Othman, ambaye hakubaliani na kaka yake hata juu ya chumvi, hapo akakubaliana naye.

Othman akapitisha waya dirishani, akaanza kulichaji lake hapo hapo nyumbani. Khamis akanichukua mimi, kwa umeme ule uliobaki, mpaka kwenye chaja kubwa ya hoteli moja njia ya uwanja wa ndege. Tukakuta magari mawili mbele yetu. Akaniambia ni dakika chache tu. Nikakaa kiti cha nyuma na buibui langu, nikiwasikia wanavyopigiana simu kuulizana nani amefika asilimia ngapi. Hapo nilitamani kulia, nikajizuia.

Nikamkumbuka Mwanaidi siku niliyomzaa Khamis huyo huyo. Habari ilimkuta baharini anavuna mwani, na gari la abiria lilikuwa limeshaondoka. Akapanda lori la nazi, juu kabisa ya mzigo, akaingia wodini na nguo zake zimelowa maji ya chumvi, wauguzi wakimfukuza. Mimi nilikuwa mtoto wa watu tu, naogopa kufa, na nilikuwa nimejikaza kwa aibu. Akanishika mkono.

"Nshafika," akasema. "Lia sasa."

Zamu yetu ilipofika gari likajaa upesi kweli, kama alivyokuwa akijisifu. Lakini adhana ya Adhuhuri ilitukuta msitu wa Jozani, kima punju wa pale wanavuka barabara mmoja mmoja, na Khamis kasimama kuwapisha. Nikajua sitamkuta.

Tulipoingia Jambiani, gari la Othman lilikuwa nyuma yetu. Limechajiwa kidogo, na kwa kidogo hicho limefika. Hesabu zao zote mbili zilikuwa sahihi, mwanangu. Hili lilijaa haraka, lile lilikula kidogo, yakafika pamoja, na jeneza limeshatoka.

Binti yake Mwanaidi akanipokea mlangoni.

"Uso tuliuacha wazi mpaka mwisho, mama mdogo. Tukawaambia wanaume, mdogo wake yuko njiani."

Wanangu wakakimbilia makaburini, wakawahi kutia mchanga. Mimi nikakaa jamvini. Mpaka leo nikifumba macho namwona Mwanaidi wa zamani tu, na huyo wa mwisho simjui alikuwaje, na inaniuma. Ubishi wa magari ulikufa siku ile. Khamis kuniomba radhi kwa mdomo hawezi, ila kila Ijumaa huja kuniuliza kama nitapenda kwenda Jambiani.

Sasa jibu lako. Kama utachukua wageni kutwa na chaja kubwa iko karibu nawe, nunua kama la Khamis. Kama unachajia nyumbani usiku na safari zako ni za shamba na mjini, nunua kama la Othman, mfuko wako utapumua. Hilo ni la gari. Langu mimi ni jingine: siku mtu wako anapokuita, usishikilie kwamba lazima ufike kwa gari lako. Panda teksi, panda bodaboda, panda hata mzigo wa nazi. Watu watasema, kisha watakwenda zao kula. Na ukishindana na ndugu yako, geuka mara moja utazame nani amekaa kiti cha nyuma.

Mwenyezi Mungu akujaalie gari la kheri na njia nyeupe, mwanangu, na siku ya kuagana na umpendaye akufikishe uso wake ungali wazi. Amin.