Bata wa Miwani na Kitenge Changu

Hili sijawahi kulisimulia mbele ya wakwe zangu na naomba lisiwafikie, maana kule Mlowo wananiona mama mtu mzima mwenye heshima zake, hawajui kwamba kuna Jumamosi moja nusu ya Tunduma iliiona shimizi yangu.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo kwa shangazi yangu aliyekuwa na duka la vitenge karibu na mpaka. Ukuta kwa ukuta na duka letu kulikuwa na banda la gemu la Kaka Bakari, mtu wa Tanga, mpole, ila alikuwa na sheria moja iliyonikera sana: wasichana hawakai benchi la kuchezea. "Fujo zikitokea hapa, shangazi yako atanitazamaje?" Mimi nilikuwa namfagilia tu banda lake asubuhi kabla hajafungua (na akinionea huruma ananiachia nicheze kidogo peke yangu).

Gemu lililotutoa roho lilikuwa la vibuyu. Vinashuka vibuyu vya rangi, unavipanga, vinne vya rangi moja vikigusana vinapasuka na takataka zake zinamwangukia mwenzako, akijaa mpaka juu amekwisha. Kila mtu anachagua wa kumchezea, kuna jini, mpishi, mfalme. Basi asubuhi moja mashine imewashwa, nafuta vumbi kwenye pedi ya kuchezea, kitambaa kikabana vitufe viwili kwa pamoja, na kati ya zile sura akachomoza bata amevaa miwani! Hakuna aliyekuwa anamjua. Na huyo bata akilia mara moja tu, vibuyu vya mwenzako vinavurugika vyote.

Nikapata kiburi. Nikamwambia Kaka Bakari, nikimfunga Mwape nikae benchi kama wengine. (Mwape alikuwa kijana wa Nakonde, upande wa Zambia, hajawahi kufungwa, anavuka mpaka kila Jumamosi kuja kutuonea.) Bakari akacheka. "Haya. Ila ukifungwa, ufagio wako ule pale, na usinisumbue tena."

Hapa ndipo nilipojiponza. Sikutaka mtu aone vidole vyangu nikimwita bata, kwa hiyo nikaiweka pedi mapajani nikaifunika kwa kitenge nilichojifunga, waya wake nikaupitisha kiunoni (wenzangu wa Tunduma mnaelewa, magendo mangapi yamevuka mpaka pale chini ya kitenge!). Vijana wakaanza: "Dada, hapo umepitisha sukari kilo ngapi?" Nikabonyeza vitufe vyangu viwili. Bata alipotokea banda zima lilipiga kelele, Mwape akageuka kunitazama, akaniita kwa heshima ya Kibemba. "Ah, mukwai, huyu umemtoa wapi?" Raundi ya kwanza nikamfunga. Ya pili vibuyu vyake vikawa vimefika juu kabisa, bado kidogo tu, nasikia jina langu linaimbwa, mara mlangoni sauti:

"Tumaini! Duka umemwachia nani?"

Shangazi. Na mimi nimelelewa kijijini Itaka, mkubwa akikuita huitikii umekaa. Nikaruka kusimama, "Shikamoo shangazi!", waya ukanifuata, mashine ikatoka mezani ikatua chini, kioo cha TV kikawa cheusi, na kitenge nacho, kwa kuwa waya ulikuwa umeshika fundo, kikaenda na mashine. Nikabaki na shimizi, na nyuma yake kiraka cha mfuko wa unga ambacho maandishi yake yalikuwa bado yanasomeka vizuri tu: SEMBE SAFI.

"Marahaba," shangazi akajibu, kwa mazoea tu maskini, kisha akajishika kichwa.

Walicheka hadi wengine wakakaa chini. Kaka Bakari akaiokota mashine, akaipuliza, ikawaka, akatangaza kwamba aliyezima ndiye aliyefungwa, sheria ni sheria. Nikajifunga kitenge changu nalia kweli, maana nilikuwa nimeshashinda jamani! Nimefika mlangoni Mwape akasema, "Mimi ushindi huo siutaki. Namtaka bata." Wakajaribu wote, wakabonyeza kila kilichobonyezeka, bata hatoki. Macho yote yakanigeukia.

"Anatoka nikikaa benchi," nikasema, kamasi zinanitoka.

Bakari akamtazama shangazi.

"Mwache akae," shangazi akasema. "Aibu gani tena imebaki ya kulinda?"

Nikakaa. Niliitwa Sembe hadi na wapagazi wa mpakani, lakini nilikaa benchi lile hadi naolewa, na kila mara nilimwita bata chini ya kitenge (nguo ya ndani nilishabadilisha, msijali). Siku nilipoaga kwenda kuolewa, Mwape alinisihi nimwonyeshe bata anavyoitwa. Nikakataa, nikamcheka.

Sasa hivi pale panauzwa simu. Mashine zile hata kwa mafundi huzioni, na wanangu nikiwahadithia habari za bata mwenye miwani wanatazamana. Mwape sijui yuko wapi. Nimeapa siri tamu ya namna ile sitaikalia tena, maana hii nimebaki naijua peke yangu, na wa kucheza naye hayupo.