Feni ya Teksi Ndani ya Kompyuta

Cheka tu, nimeshazoea, maana mtaa wetu wote wa Buyenzi mpaka leo wananiita Bwana Bombe, yaani Bwana Bomu, na jina hilo nilijitafutia kwa mikono yangu mwenyewe, siku ya Idi, mbele ya shangazi zangu wote, kwa sababu ya feni.

Miaka ile ya vita binti mmoja, Zuhura, na mama yake walikimbia mabomu kule Kanyosha wakapanga kwa jirani yetu. Binti alikuwa hacheki, mlango ukibamizwa tu anaruka. Jioni moja akaingia kwetu, akanikuta nacheza mbio za magari kwenye kompyuta yangu kuukuu, gari likikwama kila kona, akacheka (akacheka, jamani!), akasema, "We Shabani, gari yako inakwamaka sawa zile munatengenezaka kwenu garage!" Basi mimi, fundi magari, nikaapa kwamba Idi atakuta gari linaruka.

Nikaenda sokoni kwa Papa Furaha, Mkongomani wa Uvira aliyeuza vipande vya kompyuta. Alikuwa na prosesa mbili, ule ubongo wa mashine: moja ya wastani iliyokuja na feni yake ya kuipoza, nyingine kali zaidi lakini tupu, haina feni.

"Chukua hii ya feni," akaniambia. "Ile ingine inapataka moto sana, ndugu yangu, itakufa."

Nikamcheka. Mimi mtu wa kupoza injini nifundishwe habari za feni? Nikabeba ile kali.

Kwetu gereji hatutupi kitu. Nikachomoa feni ya hewa kwenye teksi moja iliyokufa, nikaifunga kwa waya juu ya prosesa, nikaiunganisha na umeme wa kompyuta, kwa akili zangu kwamba volti kumi na mbili ni volti kumi na mbili tu, ziwe za gari au za kompyuta (kwamba feni ile inakula umeme kuliko mashine nzima, hilo sikujiuliza).

Siku ya Idi sebule ikajaa, Zuhura akavua viatu mlangoni, akaja kukaa karibu yangu kabisa. "Leo utaona gari," nikamwambia, nikawasha. Feni ikanguruma, vitambaa vya viti vikapepea, watu wakapiga makofi, kichwa kikanivimba, na hapo hapo sanduku la umeme ndani ya kompyuta likapasuka, paa! Moshi ukatanda.

Bibi akatoa shahada kwa sauti. Shangazi Mwajuma, na mwili wake wote ule, alikuwa chini ya meza amekumbatia sinia la pilau. Nje mtu akapiga kelele, "Wameingia!" na maduka yakafungwa mtaa mzima. Walipojua ni kompyuta tu, walicheka mpaka machozi.

Zuhura hakuwepo. Tulimkuta kando ya mto Ntahangwa, miguu mitupu, anatetemeka. Mama yake hakunigombeza, aliniambia tu, "Mutoto alikuwa ameanza kulala muzuri. Mi nilizani hapa kwenu hakuna bombe."

Nilitamani ardhi inimeze. Niliomba radhi, nikamtuma hata shangazi akaniombee, wapi! Hakuingia tena kwetu, na Kanyosha ilipotulia wakarudi. Siku hizi mtu akiniambia kitu kitaharibika, namuuliza kwa nini kabla sijacheka. Na watu wakinitania nacheka nao, mpaka nikumbuke vile viatu vilivyobaki mlangoni kwetu, nilivyokuwa nikimwomba Mungu Zuhura aje avichukue mwenyewe. Alikuja mama yake.