Miavuli ya Tenisi

Nichekeni, lakini nisikilizeni kwanza. Mimi hapa Guangzhou ni wakala. Ukitaka chochote cha kiwandani nakutafutia, na neno "sijui" mdomoni mwangu halimo.

Ndiyo maana Otieno, Mkenya anayeandaa maonyesho ya historia ya mashindano fulani ya tenisi ya wanaume wa kulipwa, aliponiuliza kama nayajua, nilimjibu, "Nayafuatilia tangu utotoni!" Akaniachia nichague zawadi za wageni wake na maneno ya kuchapa juu yake.

Tenisi nilishaiona kwenye televisheni: watu wamevaa kofia, jua linawaka. Nikaagiza miavuli, na maneno nikayatunga mwenyewe. Laoban, yaani bosi wa kiwanda, aliyatafsiri yale maneno kwa simu yake, akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia afanye kazi yake, yangu aniachie.

Juzi tukakutana Pazhou, kwenye ukumbi wa maonyesho ya biashara, katika banda la kiwanda. Otieno akafungua mwavuli wa kwanza katikati ya ukumbi, akasoma kwa sauti: "Historia ya kujivunia: hakuna mechi iliyowahi kuahirishwa kwa sababu ya mvua."

Laoban akainua macho kutazama dari.

"Dada," Otieno akasema taratibu, "haya mashindano yanachezwa ndani. Chini ya paa, tangu mwaka wa kwanza."

Watu wa mabanda ya jirani walikuwa wameshageuka. Masikio yalinichemka, lakini kichwa sikuinamisha.

"Sasa hapo," nikamuuliza, "nimeandika uongo gani?"