Joho Lililokwenda Msibani

Tangu jeneza la Baba Mkubwa Pātara lilipoingizwa katika nyumba ya ukoo, Riperata hakuwa ameondoa macho kwenye joho lililomfunika. Lilikuwa la manyoya ya ndege aitwaye kiwi, la kahawia, zito, limefumwa na wanawake ambao majina yao hakuna ayajuaye tena. Miaka yote lilikuwa likikaa katika droo ya makumbusho ya mji, na funguo za droo ile anazo Riperata. Yeye mwenyewe ndiye aliyelileta, limelazwa kiti cha nyuma, akiendesha polepole hadi malori ya kondoo yakampigia honi.

Alikuwa ametoa ahadi. Kamati ya makumbusho haikuwahi kuruhusu kitu kitoke kwenda kumfunika maiti. Walibishana sana, kisha mmoja akauliza ni nani atakayehakikisha kwamba joho litarudi. Riperata akainuka kwenye kiti chake cha pembeni akasema, "Mimi." Basi. Likirudi, familia nyingine nazo zitaazima vitu vya wazee wao siku ya msiba. Lisiporudi, mlango umefungwa. Na binti wa Bibi Ngāpera, mzee mgonjwa wa ng'ambo ya mto, alishamnong'oneza kwamba mama yake hali tena chakula.

Riperata ni mtu wa wasiwasi tangu zamani. Amelea watoto watatu kwa kuwachungulia usingizini kama wanapumua, na hata leo hugeuza gari njiani arudi kuangalia kama amezima jiko. Shule aliiacha mapema, akaenda kukata nyama katika kiwanda cha kondoo. Kiwanda kilipofungwa alipata kazi ya kukaa mlangoni mwa makumbusho, baadaye wakampa na funguo. Chini kuna piano za walowezi, mapipa yao ya kusukia siagi na majembe yao. Juu kuna vitu vya watu wa kwao, wenyeji wa nchi. Kila asubuhi hupanda juu kwanza, akawaamkia wazee waliovitengeneza, ndipo anapowasha taa.

Kichwani mwa jeneza alikaa Shangazi Materoa, dada wa marehemu, amevaa nguo nyeusi na taji la majani mabichi.

"Nenda kale, Ripe," alimwambia siku ya pili. "Huyu hatoroki."

"Nimeshiba, shangazi."

"Umeshiba nini? Unalinda manyoya. Unamkodolea macho kaka yangu kama askari wa dukani."

Wanawake waliokaa kwenye magodoro kando ya jeneza wakacheka huku wakijifuta machozi.

"Eti ni kweli mtalitia kwenye friza?" Materoa akauliza.

"Ndiyo, likirudi. Kuua nondo wanaotafuna manyoya."

"Kama paja la kondoo!" Materoa akamwinamia marehemu. "Pātara, umesikia? Umefunikwa na nyama ya kiwandani kwa kina Ripe!"

Nyumba nzima ikacheka, hata Riperata. Lakini aliuona mkono wa shangazi yake ukilipapasa pindo la joho, ukienda na kurudi, na mkono ule haukuwa na mzaha.

Asubuhi ya maziko, mvua ikanyesha. Jamaa walilia kilio cha mwisho. Picha za waliotangulia, zilizopangwa kando ya jeneza, zikaondolewa, na wanaume wakaja na kifuniko cha jeneza. Huo ndio wakati wa kutoa joho. Riperata alisogea na kitambaa chake cha kulikunjia, kisha akasimama ghafla. Pindo halikuwa likining'inia tena ukingoni. Lilikuwa limechomekwa ndani, chini ya mabega ya maiti, huku na huku, kama mama anavyomkazia mtoto blanketi.

"Shangazi," alisema kwa sauti ya chini.

"Anakwenda nalo."

"Nilisema litarudi."

"Ulisema wewe. Mimi sikuulizwa. Na yule mpima ardhi wa walowezi aliyelichukua kwetu enzi za mababu, alimuuliza nani?"

"Hatujui kama alilichukua au alipewa."

"Ndivyo walivyokufundisha kusema kule?"

Swali hilo lilimchoma, kwa sababu aliyoyasema ndiyo yaliyoandikwa kwenye kibandiko cha droo, neno kwa neno.

Wanaume wenye kifuniko wakatazamana. Mchungaji akakohoa. Riperata alipima mambo. Akipandisha sauti, atamwaibisha shangazi yake mbele ya wageni, na aibu hiyo itasimuliwa hata kwa wajukuu. Akinyamaza, kifuniko kinashuka. Akapiga magoti, akaupeleka mdomo sikioni mwa Materoa.

"Ukilizika leo, yeye ndiye wa mwisho kufunikwa nalo. Bibi Ngāpera atakwenda na shuka la hospitali."

"Ngāpera anakufa kila mwaka."

"Safari hii hali chakula, shangazi."

Materoa akalikaza pindo zaidi chini ya bega.

"Na wewe je? Siku yako nikufunike na nini? Lile sweta lako la kijani?"

Mtu nyuma yao akabanwa na kicheko. Materoa hakucheka.

"Lina joto, Ripe," alisema. "Weka mkono. Kule kwenu lilikuwa na joto?"

Riperata akaweka mkono. Lilikuwa na joto kweli, la mikono iliyoshinda juu yake.

"Halikuwa nalo," alisema.

Shangazi akavuta pumzi ndefu. Akaanza kulichomoa pindo, upande mmoja, kisha wa pili. Alipofika kwenye kona akazungusha kishungi cha manyoya kidoleni, akavuta. Nyuzi zikakatika kwa sauti ndogo. Akakitia kishungi kiganjani mwa kaka yake, akamfumba vidole.

"Hiki hakirudi," alisema. "Kawaambie."

Riperata angeweza kuushika mkono ule. Hakuushika. Alilikunja joho, na kifuniko kikashuka.

Njiani kurudi mjini uongo ulimjia wenyewe, mwepesi: nondo. Nani angejua? Lakini Bwana Lindsay Garrow, mkuu wa makumbusho, alipompokea mlangoni, Riperata alisema kabla hajaulizwa.

"Lina pengo konani. Shangazi yangu amenyofoa. Manyoya yako mkononi mwa marehemu."

Garrow alilitazama pengo kwa muda mrefu. "Kuna watu kwenye kamati walikuwa wakingoja jambo kama hili," alisema. "Tunaweza kusema ni nondo, Riperata."

"Usiseme nondo. Nondo hana kaka."

Kamati ilimwita wiki ile ile. Alisimama mbele ya meza, mikono imeshikana nyuma.

"Ungeweza kumzuia?" aliuliza mzee mmoja.

"Ningeweza."

"Mbona hukumzuia?"

"Nilikuwa nimemnyang'anya joho zima. Nimnyang'anye na kishungi?"

Garrow akauliza ni nani wanaokubali kwamba familia ziendelee kuazima. Wa kwake ukawa mkono wa kwanza kuinuka. Riperata akaanza kuitafuta kwa macho njia ya kutokea. Ndipo mama mmoja akainua wa kwake, na mwingine. Mzee aliyeuliza alitazama meza, akakuna shavu, mwishowe akainua kidole kimoja tu.

"Hicho ni mkono?" Garrow alimuuliza.

"Ni mkono."

Kilitosha: familia zitaendelea kuazima. Riperata hakumshukuru mtu. Aliomba ruhusa kidogo, akashuka ngazi, akasimama peke yake katikati ya majembe ya walowezi.