Vijiti vya Kassim

Usiku ule jua halikuzama. Kule Grinlandi kiangazi hakina giza, nami nilijifunika kofia usoni, barua mfukoni, nikamsikiliza Kassim akikoroma upande wa pili wa hema. Alikoroma kama mtu asiye na kosa. Hilo nalo nikalitilia shaka.

Tulikuwa wanafunzi wawili, yeye wa Tanga, mimi Mchaga wa Kibosho, tukipima mwendo wa barafu kwa vijiti vilivyochomekwa juu yake. Vipimo vya zamu yake vilisema barafu ilikwenda mbio jua lilipoanza kuiyeyusha, kisha, joto lilipozidi na maji kujaa chini yake, ikapunguza mwendo. Maji mengi, utelezi kidogo? Nani ataamini? Huyu anakaa nyuma ya mawe na kubuni namba, nilijiambia. Barua ilikuwa ya kumshitaki kwa mwalimu wetu. Asubuhi ningeituma, naye angerudishwa nyumbani.

Usingizi ukanichukua. Nikamwona babu mlangoni pa hema, jembe begani, miguu peku juu ya barafu. Alikufa nikiwa darasa la sita. Nilimpenda mno, lakini sikumwamkia. Wafu nao wana ujanja wao.

"Kama kweli wewe ni babu," nikasema, "niambie uligombana na nani."

"Na Kirita. Nilisema anaiba maji ya mfongo."

Jina hilo sikuwahi kumtajia mtu huku. Ananishika mkono, na barafu sasa ni shamba letu la migomba, nasi tumeinama kwenye mfongo, ule mfereji wa kumwagilia alioutunza maisha yake yote. Mvua za kwanza zinanyesha. Mfereji umezibwa na tope na majani. Maji hayana pa kupita, yanatambaa chini ya udongo, na ukingo mzima unainuka na kuteleza pamoja na migomba yake. Naogopa, namng'ang'ania koti. Kisha mvua inazidi, maji ni mengi kuliko mwanzo, lakini yameshajichimbia njia. Yanapita kwa sauti ndogo, na udongo umekaa, umetulia.

"Kirita hakuiba," babu anasema. "Maji yalijichimbia njia yao chini, mimi nikatafuta mwizi."

Ananipa jani la isale, ambalo kwetu ukipelekewa huna budi kusamehe. Limekauka.

"Mimi nilichelewa kulipeleka, mjukuu wangu."

Nikaamka nimekunja ngumi, na ndani yake ile barua. Kassim alikuwa ameshavaa, anamimina chai.

"Kunywa, kaka. Mimi nawahi vijiti."

"Ngoja, leo twende wote. Lakini kwanza soma hii."

Isale haioti kwenye barafu. Nikampa barua kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa kwa aibu. Aliisoma mpaka mwisho, akairudia tena, na chai yetu ikapoa.