Fundi Aliyekufa kwenye Kidato cha Mwisho

"Umemuua mwenyewe, umfufue mwenyewe! Mimi simo."

"Punguza sauti, shemeji. Wageni wako hapo nje."

"Nipunguze nini? Mzee yu hai, anakula, anakohoa, ana meno kunishinda mimi. Na leo anakuja kwa miguu yake kuiangalia ngazi aliyoijenga. Mjukuu wake kaniambia sasa hivi, anapiga msasa kigoda chake huku anacheka: 'Mwalimu, babu anakuja!' Nusura nijikate kidole."

Mama Ngazi aliishika nguzo ya ngazi kwa mikono miwili, kama mtu aliyeambiwa nyumba inaondoka.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na watu wa ile nyumba kubwa ya zamani, ambayo siku hizi ni mahali pa mafunzo mafupi ya mikono: leo unachora majengo, kesho unafinyanga vigae, keshokutwa unatoka na kiti ulichokiunda mwenyewe, kimepinda lakini chako. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alifundisha useremala katika chumba cha chini. Yeye aliingia humo na ufagio. Alifagia miaka na miaka, na wageni walimpita kama wanavyopita meza. Mpaka siku ile kijana aliyekuwa akiwatembeza wageni alipokaukiwa sauti katikati ya ziara. Sauti ilimtoka yote, ikabaki midomo inacheza tu. Mama Ngazi akauegemeza ufagio ukutani, akaendelea pale pale kijana alipoishia. Watu wakainua nyuso, wakamtazama. Wanasema hata popo wa darini walijipanga mstari wasikie vizuri.

Tangu hapo ziara zote zikawa zake, na mdomo wake, bwana wee, haukujua breki. Lile dirisha la duara alisema lilitafunwa na jitu lenye njaa. Mkurugenzi, mama wa miwani na viatu vinavyogonga sakafu kama nyundo, alimwita ofisini.

"Mambo ya majitu yaishe. Nikikukamata na uongo mwingine, unarudi kwenye ufagio. Na habari ya ngazi, nayo ni uongo?"

"Ile ni kweli tupu, mkurugenzi. Nikidanganya, ulimi huu uote nywele."

Habari ya ngazi ndiyo iliyovuta wageni. Ngazi ya mbao ilipanda ikijipinda mpaka ghorofani, vidato vyote sawasawa, isipokuwa cha mwisho kule juu. Hapo ulilazimika kuinua mguu kama unamvuka mbuzi aliyelala. Mama Ngazi angengoja mgeni ajikwae, kisha angeshusha sauti: hapa fundi alibakiza kidato kimoja tu, akainua nyundo, akakata roho, hakuna aliyethubutu kuimalizia kazi yake. Watu wazima na ndevu zao walilia. Kuna bibi mmoja alivua kiatu, akakipanda kidato kile kwa heshima, mguu mtupu.

"Kwani hukujua?" sasa Mama Ngazi alimgeuzia shemeji. "Mwaka mzima unanisikia namuua mwalimu wako, na wewe kimya."

Shemeji aliyakung'uta maranda ya mbao yaliyoganda kwenye viatu vyake. "Nilinyamaza kwa ajili yake."

"Eti kwa ajili yake!"

"Sikiliza. Mzee aliipima ngazi kabla sakafu ya juu haijapigiliwa. Akasahau unene wa mbao za sakafu. Zilipowekwa, kule juu kukapanda, kidato cha mwisho kikawa kirefu. Mwenye nyumba akamcheka mbele ya mafundi wote. Mzee akafunga vifaa vyake, na tangu siku hiyo hajakanyaga hapa. Sisi wanafunzi wake tukitaja ngazi tu, anatoka nje. Nikaona heri watu waseme alikufa kuliko waseme alisahau."

"Na mjukuu?"

"Hajui. Ndiyo kwanza siku yake ya kwanza hapa, na ndiye aliyembembeleza babu aje. Kwake yeye, babu ndiye aliyewafundisha mchwa kutoboa mbao. Ukimwaibisha mzee mbele ya yule binti, mimi na wewe basi."

Mama Ngazi alitupa jicho kwenye ufagio wake. Akirudia uongo wake, binti atamuumbua, na ufagio ule kwenye kona unamngoja. Akisema kweli, anamvua mzee wa watu nguo mbele ya mjukuu wake.

Kabla hajajibu, viatu vilisikika: ko, ko, ko. Mkurugenzi aliingia na kundi la wageni.

"Leo natembea nanyi," alisema. "Nataka kuisikia ile ya ngazi mpaka mwisho."

Binti naye akatoka karakana, kope zimejaa unga wa mbao, akajiunga nyuma. Kila mara alichungulia mlangoni. Bado.

Mama Ngazi aliivuta ziara ile kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano. Kwenye chumba cha vigae alikisifu kigae kimoja mpaka kikaona haya. Kwenye chumba cha michoro alieleza penseli inavyochongwa. Mkurugenzi akatazama saa.

"Mama, ngazi."

Wakapanda. Kule juu wawili walijikwaa, kama kawaida, na wote wakasimama, wanamtazama. Zile nyuso zilizoinuliwa alizokuwa akizipenda, leo zilimchoma.

"Hapa fundi alibakiza kidato kimoja," alianza. "Akainua nyundo..."

"Fundi yupi?" aliuliza binti, amekunja uso.

"Akainua nyundo, akaanguka. Watu wote wakasema amekufa."

"Wakasema?" Miwani ya mkurugenzi ilimgeukia. "Wiki jana ulituambia alikata roho."

"Aliikata, mkurugenzi. Ila haikukatika yote."

Mtu mmoja akacheka. Mama Ngazi akadaka kicheko kile kama kamba ya kisimani. "Basi wakang'oa mlango, wakamlaza juu yake, mafundi wanne wakambeba, wanalia mpaka viatu vimelowa. Kufika getini, maranda yakamwingia puani. Chafya aliyopiga! Mlango ukapasuka vipande viwili, mafundi wakatimka kila mtu na njia yake, na mmoja mpaka leo hajulikani aliko. Fundi akajipangusa suruali, akaenda kwake kula. Yupo hadi hivi leo, meno yote kinywani."

Vicheko vikajaa ghorofa nzima. Binti alicheka kuliko wote, "Ndiye huyo, ndiye babu yangu!" Hata mkurugenzi aliziba mdomo kwa kiganja. Kule chini shemeji, aliyekuwa amejibanza penye nguzo, alifuta jasho kwa kofia.

Hapo bwana mmoja mwembamba, ambaye tangu asubuhi alikuwa akichora kila pembe ya nyumba, akainua penseli.

"Samahani, mama. Kama alizinduka na nguvu zote hizo, mbona hakurudi kukimalizia kidato?"

Vicheko vikafa kimoja kimoja. Mkurugenzi akashusha kiganja, na chini yake hapakuwa tena na tabasamu. Kule chini shemeji alikuwa anatikisa kichwa: usiseme, usiseme.

"Enhe, kwa nini?" binti naye akauliza, bado anatabasamu. "Babu mwenyewe hajawahi kuniambia."

Mama Ngazi alivuta pumzi. "Hakurudi kwa sababu..."

Mlango wa chini ulifunguka. Mzee mmoja akaingia, kofia mkononi, penseli ya useremala nyuma ya sikio. Hakumsalimia mtu. Aliinua uso, akavipanda vidato kwa macho, kimoja baada ya kingine, polepole, mpaka cha mwisho, miguuni pa Mama Ngazi, neno limemfia ulimini.