Miezi Kumi na Moja ya Dada

Shemeji aliondoka kwenda vitani Kagera wiki mbili na siku kidogo baada ya Idi Kubwa. Mtoto wake akazaliwa Kisarawe siku ya tatu ya Idi Ndogo. Habari iliponifikia Mlandizi nilipiga vigelegele peke yangu, maana nimekuwa mama mdogo! Elimu yangu darasa la saba, kazi yangu kuandika umri wa watoto kwenye kadi za kliniki, na ndoto yangu siku moja nivae sare ya unesi pale hospitali ya Tumbi. Nikasema kadi ya huyu nitaiandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote.

Halafu dada akaniagizia: mama mkwe hataki mtoto apewe jina la ukoo. Anasema si wa mwanawe.

Nilimkuta mama huyo barazani anamenya mihogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kumchukua dadako?"

"Nimekuja kumwona mtoto."

"Basi kwanza hesabu na mimi, wewe wa kliniki." Akaweka kisu chini, akaanza kugusa pingili za vidole, kwa miezi yetu ile ya mwandamo. "Mfunguo Tatu, mwezi wa Idi Kubwa, mwanangu kaondoka. Mfunguo Nne. Tano. Sita. Saba. Nane. Tisa. Rajabu. Shaabani. Ramadhani. Mfunguo Mosi, huyu kazaliwa. Mingapi?"

"Kumi na moja."

"Ehee! Mkamwana wangu punda, abebe mimba miezi kumi na moja?"

Ndani dada alikuwa anambembeleza mtoto. Sauti yake ikakatika.

Kosa nililiona palepale, kwa sababu hata kliniki akina mama walikuwa wanahesabu hivyo. Mwezi ukiguswa tu, kwao umetimia. Shemeji aliondoka mwezi umebakiza siku chache, na mtoto akaja mwezi mwingine ndio kwanza umeandama, lakini yote miwili mama aliihesabu mizima.

"Mama, mtoto akizaliwa siku ya mwisho ya Ramadhani, kesho yake ikawa Idi, utasema ana miezi miwili?"

"Unanitania? Ana siku moja."

"Lakini kagusa Ramadhani, kagusa na Mfunguo Mosi."

Nikamwomba ahesabu upya, na safari hii asikunje kidole mpaka irudi ile siku ya mwezi aliyoondokea mwanawe. Akahesabu polepole, midomo inacheza. Kidole kimoja kikabaki kimesimama.

"Tisa," akasema.

"Na vijisiku. Kachelewa kidogo tu mjukuu wako, alikuwa anasubiri Idi ipite."

Mimi nilishaanza kucheka, nikidhani tumemaliza. Yeye hakucheka.

"Mwanangu, nimeshampelekea maneno."

Kijana wa jirani, askari aliyekuja likizo, alikuwa amerudi kwa wenzake Uganda, maana vita vilikwisha lakini wengi walibaki kule. Mama alimtuma akamwambie mwanawe kwamba mkewe kazaa wa nje. Jioni ile ile tukatafuta mtu mwingine wa kupeleka maneno mengine. Tukampata, lakini yale ya kwanza yalikuwa yametangulia.

Ikaja talaka. Moja tu, na mume ana haki ya kumrejea mkewe eda ikiwa haijaisha, kwa hiyo mimi bado niliota. Dada alirudi kwetu Mlandizi, na kila gari la jeshi lililopita barabarani nilitoka kulitazama. Mama mkwe akatuma tena, na tena. Kama maneno yetu hayakumfikia au aliyakataa, mpaka leo hatujui. Eda ikaisha. Dada akaoga, akafua kanga zake, akaenda shamba.

Wiki hiyo hiyo tukasikia hodi. Mama mkwe, na kuku mkononi. Alikuja kumpa mtoto jina la marehemu mumewe, babu yake mtoto. Akampakata, akamwita kwa jina hilo mara nyingi, na machozi yakawa yanamdondokea mtoto kwenye paji la uso.

"Mkamwana," akaita, "njoo umsikie anavyoitika."

Dada alikuwa uani anatwanga kisamvu.

"Mimi si mkamwana wako tena, mama," akasema. "Karibu chakula."

Akaendelea kutwanga.